Jino la Pembe si Dawa ya Pengo

Mtu akivunjika mkono katika wilaya yoyote ya mkoa wa Mara, iwe Musoma, Bunda au Butiama, hakuna ndugu, wala jirani, wala mpita njia atakayetoa shauri kwamba mkono ule ukatwe; watautafutia gango, wataufunga, na watampeleka majeruhi hospitali wakitaraji kwamba mfupa utaunga. Lakini mtu huyo huyo akivunjika jino la mbele, aghalabu shauri hugeuka: kipande cha jino hutupwa, jino zima lililotoka huachwa lilipoangukia, na majeruhi huambiwa angoje uvimbe upungue ndipo aende akang'olewe kilichobaki. Rai yangu ni kwamba shauri hili la pili ni taksiri kubwa juu ya siha ya watoto wetu, na kwamba Mara, pamoja na uhaba wake wa madaktari wa kinywa na meno, ina vitu vingi vinavyohitajika ili kulitangua.

Si kwamba wenyeji wa Mara hawakupata kuyajali meno. Wazanaki wa Butiama na vijiji vya jirani walikuwa na desturi ya kuchonga meno ya mbele ya juu yakawa na ncha, na kila aliyepata kuitazama kwa makini picha ya Marehemu Mwalimu Julius Nyerere akicheka ameiona alama hiyo ya kabila lake, katika kinywa cha mtu aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, akaanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, na akaichukua alama ile mpaka kwenye mabaraza ya dunia. Wajaluo wa Rorya nao walikuwa na desturi ya kung'oa meno sita ya mbele ya taya la chini; na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba mgonjwa wa pepopunda, ambaye taya zake hukazana zisifunguke, aweze kunyweshwa kupitia pengo hilo. Desturi hizi zimefifia, wala siandiki kuzitetea, kwa kuwa jino lililochongwa limevuliwa ngao yake, na lililong'olewa halirudi. Lakini zilikuwa na sifa moja ambayo sisi tumeipoteza, nayo ni kwamba jino lilichongwa au liling'olewa kwa nia na kwa sababu iliyofikiriwa, wala halikutoka kinywani kwa ajizi tu.

Siku hizi meno ya mbele huondoka kwa njia nyingine. Barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Sirari hupita Bunda, ikafika Makutano ambako tawi la Musoma huchepuka kuelekea ziwani, na juu yake, kadhalika juu ya njia za vumbi ziingiazo vijijini, bodaboda hupita mchana na usiku, dereva na abiria wake mara nyingi wakiwa vichwa wazi, au wamevaa kofia ngumu ya namna ile iishiayo masikioni, ambayo huhifadhi fuvu lakini huuacha uso na kidevu bila kinga. Viwanja vya shule zetu ni vya changarawe, na mpira wa miguu haujui huruma. Majabali ya ufukwe wa Musoma huwapa watoto mahali pa kupanda na kurukia majini, na pia mahali pa kuteleza. Wala jambo hili si la Mara peke yake, maana wataalamu waliokusanya tafiti za nchi nyingi walikadiria mwaka 2018 kwamba zaidi ya watu bilioni 1 walio hai wamepata jeraha la meno. Popote pale, meno mawili ya mbele ya juu ndiyo yatanguliayo kupokea pigo, na umri wa shule ya msingi ndio wenye hatari zaidi, yaani umri ule ule ambao meno hayo ya kudumu yametoka ufizini karibuni na yanatarajiwa kumtumikia mwenyewe maisha yake yote.

Ili tujue ni kitu gani tunachokitupa, yafaa tujue jino lilivyo. Jino si kijiti kikavu kilichopigiliwa katika ufizi. Nje lina gamba jeupe lililo gumu kuliko mfupa wowote. Chini ya gamba kuna tabaka la rangi ya manjano lenye vijitundu visivyoonekana kwa macho, ambavyo ndivyo vinavyomfanya mtu aliyevunjika jino aruke kwa maumivu akivuta hewa baridi. Na katikati kuna kiini laini chenye damu na neva. Mzizi wake nao haukugandamana na taya, bali umeshikwa na nyuzi laini zenye uhai, zilizofumwa kati ya mzizi na mfupa. Basi kuvunjika kwa jino si jambo moja. Kila namna ya kuvunjika ina tiba yake, na aghalabu tiba hiyo si kung'oa.

Tuanze na jeraha lililo la kawaida zaidi, nalo ni kukatika kwa ncha ya jino pasipo kukifikia kiini. Kipande kilichokatika ni mali, na aliye karibu akiokote, akitie katika maji safi au maziwa, aende nacho. Hospitalini daktari hukiloweka kwa dakika 20 katika maji au maji ya chumvi ya hospitali, kwa kuwa kipande kilichokauka hupauka na hakishiki barabara. Hupaka asidi maalumu kwa sekunde chache juu ya kipande na juu ya jino ili nyuso zote mbili zikwaruzike kidogo, husuuza, hupaka gundi ya resini, kisha hukikalisha kipande mahali pake mpaka ukingo ukutane na ukingo na ufa usihisiwe hata kwa ukucha, na hapo hukimulika kwa taa ya rangi ya buluu, gundi ikawa ngumu mbele ya macho yake. Mtoto aliyeingia akificha mdomo kwa kiganja hutoka na jino lake mwenyewe, kwa umbo lake na rangi yake, na hakuna fundi wa meno ya bandia awezaye kulishinda. Kipande kisipoonekana uwanjani, daktari huutazama mdomo uliovimba, maana mara nyingine kipande kimezama ndani ya nyama ya mdomo, na mdomo ukishonwa bila kutazamwa hubaki na jino ndani yake.

Jeraha la pili ni lile ambalo katikati ya jino lililokatika huonekana nukta nyekundu inayotoa damu. Hapo watu wengi, na hata baadhi ya watoa huduma, husema jino limekufa. Mwaka 1978 mganga wa meno wa nchini Sweden, Miomir Cvek, alitangaza habari za meno 60 ya mbele yaliyofunuliwa kiini kwa ajali: alipunguza sehemu ya juu ya kiini kwa kiasi cha milimita 2 hivi, akaifunika kwa hidroksaidi ya kalsiamu, dawa iliyo ya jamii moja na chokaa iliyozimwa lakini iliyotengenezwa kwa usafi wa kitabibu, kisha akaliziba jino, na asilimia 96 ya meno hayo yalipona. Miongoni mwa wagonjwa wake walikuwamo waliofika baada ya saa chache na waliofika baada ya siku nyingi, na hilo ni faraja kwa mzazi wa kijiji kilicho mbali na lami, kwa kuwa kuchelewa, katika jeraha la namna hii, si sababu ya kukata tamaa. Faida huwa kubwa zaidi kwa mtoto ambaye mzizi wa jino lake haujamaliza kukua, maana kiini kikihifadhiwa hai mzizi huendelea kukua na kukaza kuta zake, hali kiini kikifa mzizi hubaki mfupi na mwembamba, tayari kuvunjika kwa pigo jingine dogo.

Liko jeraha la tatu, nalo halisubiri. Tuseme mwanafunzi wa miaka 10 amegongana na mwenzake uwanjani, na jino zima, pamoja na mzizi wake, limemtoka likaangukia mchangani. Mwalimu aliyepo hapo ndiye tabibu wa kwanza, apende asipende. Alishike jino upande ule mweupe uonekanao kinywani, wala asiuguse mzizi. Kama lina vumbi alisuuze kidogo kwa maziwa, au kwa mate ya mtoto mwenyewe, asilisugue kwa kitambaa wala asilitie sabuni wala spiriti. Alirudishe taratibu katika tundu lake, uso wake wa mbele ukitazama mbele. Ampe mtoto leso safi aiume ili jino litulie. Kisha safari ya hospitali ianze. Jino lililotoka ni kama mche uliong'olewa kitaluni: uhai wake umo katika nyuzi za mzizi, na mtu aufutaye mzizi na kuuanika juani asitazamie kuvuna. Jino likikaa kavu kwa dakika 60, nyuzi hizo huwa zimekufa karibu zote, na ingawa bado laweza kurudishwa, halitashika kama lilivyoshika kwanza.

Mwalimu asipothubutu kulirudisha, au mtoto akikataa, alitie jino katika maziwa. Wataalamu wa Sweden, miongoni mwao Lars Blomlöf, walionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba chembe hai za mzizi hudumu katika maziwa kwa saa kadhaa, hali maji matupu huzijaza mpaka zikapasuka. Yawe maziwa matamu, yasiyoganda na yasiyo ya moto, maana ukali wa mtindi huzidhuru chembe zile zile tunazotaka kuziokoa. Sasa naomba msomaji atazame mkoa wetu: hii ni nchi ya ng'ombe, Wakurya, Wazanaki na Waikizu wote ni wafugaji, na karibu na shule nyingi za msingi za Butiama na Bunda hapakosi nyumba yenye kibuyu au chupa ya maziwa ya asubuhi. Dawa ambayo vitabu vya madaktari wa dunia nzima huitaja imo katika maboma yetu. Kisichokuwamo ni habari kwamba ni dawa.

Na ajabu haikomi hapo. Jino likisharudishwa hufungwa pamoja na wenzake wa kando kwa muda wa wiki 2, kwa kifungo kinachotikisika kidogo, kwa sababu nyuzi za mzizi hupona vizuri zaidi zikifanya kazi nyepesi kuliko zikikazwa zisisogee kabisa. Miongozo ya mwaka 2020 ya jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa majeraha ya meno hutaja vitu viwili vifaavyo kwa kifungo hicho: waya mwembamba usiozidi milimita 0.4, na mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki wenye unene wa milimita 0.13 hadi 0.25, ukishikizwa juu ya meno kwa matone ya resini. Waya hupendelewa kwa mtoto mdogo ambaye meno yake ya kudumu bado ni machache. Mshipi wa kuvulia! Katika mji wa Musoma, ambao ukiamka asubuhi huamkia mwaloni na ukilala huota sangara na sato, tumekaa tukiambiana kwamba vifaa vya kuokoa jino ni vya Ulaya.

Insafu yanitaka nitaje mipaka ya haya niliyoyasema. Jino la utotoni likitoka halirudishwi, kwa kuwa laweza kulijeruhi jino la kudumu lililolala chini yake. Mtoto wa chini ya miaka 6 basi apelekwe kutazamwa, lakini jino lake lisirudishwe tunduni. Jino lililopasuka wima mpaka ndani ya mzizi aghalabu huishia kung'olewa. Jino la kudumu lililorudishwa likiwa mzizi wake umeshakomaa huhitaji kiini chake kitolewe na mzizi uzibwe ndani ya wiki 2, la sivyo usaha utaula mzizi. Tena, kidonda kilichoingia udongo huuliza swali lile lile lililowashughulisha wazee wa Rorya, yaani swali la pepopunda. Bali leo jibu lake ni sindano ya chanjo, na kila anayemwuguza majeruhi wa namna hii aulize ilichomwa lini.

Kwa nini, basi, koleo hutangulia? Sipendi kuwatupia lawama watumishi wa kliniki, maana wengi wao hufanya kazi ngumu kwa vifaa akali. Katika kliniki nyingi za umma nchini mwetu kung'oa ndiyo huduma itolewayo zaidi, kwa sababu koleo hudumu miaka na ganzi hupatikana, hali resini huisha, taa huharibika na umeme hukatika. Mgonjwa naye hufika amechelewa, akiwa hana nauli ya kurudi mara ya pili na ya tatu, na kazi ya kuokoa jino haimalizwi kwa safari moja. Fauka ya hayo iko itikadi iliyoenea, kwamba jino lenye matata ni adui wa kufukuzwa. Itikadi hiyo hiyo ndiyo iliyowafanya watu wa sehemu kadhaa za Tanzania wachimbe fizi za watoto wachanga wenye homa na kuhara, wakitoa vichipukizi vya chonge kwa madai kwamba ni meno ya plastiki.

Najua yako majibu yatakayotolewa. Watasema kwamba mkoa wenye malaria, wenye akina mama wanaohitaji kujifungua salama na wenye majeruhi wa barabarani wa kila namna hauna nafasi ya kushughulikia uzuri wa kinywa. Jibu langu la kwanza ni kwamba jambo hili halinyang'anyi fungu la mtu: maziwa yapo, mshipi upo, na somo la kumfundisha mwalimu lamalizika katika muda wa kipindi kimoja. Jibu la pili ni kwamba jino la mbele si pambo. Kwalo mtoto hutamka sauti za f na v na th. Kwalo huuma embe na mhindi wa kuchoma. Na bila hilo kijana aliye hodari darasani huacha kunyosha mkono, kwa sababu kinywa chake kimekuwa dhihaka ya wenzake.

Jibu la tatu ndilo lenye uzito kuliko yote. Mfupa wa taya huishi kwa ajili ya jino. Jino likiondoka, mfupa wa mahali pale husinyaa, na kwa mtoto husinyaa wakati taya lingine linaendelea kukua. Jino la kisasa lipandikizwalo kwa skrubu ya chuma ndani ya mfupa haliwekwi kwa mtoto mpaka ukuaji wake ukome, na hata mtu mzima wa Butiama hawezi kulipata kwa urahisi wala kwa bei ya mkulima wa mihogo. Ndiyo sababu madaktari hurudisha hata jino lililokaa kavu zaidi ya saa moja, hali wakijua kwamba baada ya miaka kadhaa huenda mfupa ukalila: likidumu mpaka mtoto afike miaka 18 litakuwa limemlindia mfupa, nafasi na staha yake. Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo, na elimu ya leo haijawakanusha.

Haya basi ndiyo ninayoyataka, wala sidhani kuna lililo muhali. Vyuo vya ualimu, kwa kuanzia na Chuo cha Ualimu Bunda, viingize huduma ya kwanza ya jino katika mafunzo yao, na kila ofisi ya walimu wakuu wa shule za msingi ibandike ukutani maelezo mafupi ya Kiswahili: shika upande mweupe, usiguse mzizi, rudisha au tia katika maziwa, wahi hospitali. Viongozi wa vijiwe vya bodaboda wafundishwe maneno hayo hayo, na kofia zinazofunika kidevu zihimizwe badala ya zile za kukwepa askari. Halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama zihesabu resini, waya, hidroksaidi ya kalsiamu na taa moja inayotumia betri kuwa ni vifaa vya lazima kama lilivyo koleo. Hospitali ya rufaa ya kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere pale Kwangwa, ambayo mkoa uliisubiri kwa miongo mingi, iwe na namba moja ya simu ambayo tabibu wa meno wa wilayani ataipiga kuomba shauri mgonjwa angali kitini, kabla ya kuamua kung'oa, na kabla ya kumsafirisha mpaka Bugando, Mwanza, bila haja.

Tarehe 20 Machi kila mwaka huadhimishwa Siku ya Afya ya Kinywa na Meno, na katika sherehe zake watoto hufundishwa kupiga mswaki, jambo jema lisilo na ubishi. Waganga wakuu wa wilaya za Mara waiongezee siku hiyo kazi moja ya kupimwa: kila wilaya itaje hadharani ni majeruhi wangapi wa meno ya mbele waliopokewa mwaka uliopita, wangapi waling'olewa, na wangapi walirudi kwao na meno yao. Hesabu hiyo ikianza kusomwa mbele ya wazazi, kila anayeshika koleo atalazimika kueleza kwa nini hakuanza na mshipi.